Anayeandika kwa Jina la Otto

Mfaranyaki, Songea
8 Machi 1998

Mume wangu Saimon,

Pokea salamu za mkeo wa Mfaranyaki, mwenye meno machache na wivu mwingi. Kama umepata mzungu huko Bremen, mwambie mapema kwamba mwenye nyumba yu hai, ana mwiko mkononi na haogopi baridi.

Huku hatujambo, ila mvua ya mwaka huu haikuwa na adabu. Wanaiita El Nino, kana kwamba ukiipa jina itaona haya. Imekata barabara kule Lukumburu, mabasi yamelala njiani, sukari imepanda bei na mahindi yangu ya bondeni yameozea shambani. Mguu unauma asubuhi, jioni unasahau. Presha imetulia tangu nilipotoka hospitali, namshukuru Mungu. Pamela wa Otto anakuamkia. Cherehani yake ameihamishia Bombambili, kwenye baraza la duka moja, anashona sare za shule, na wateja anapata ingawa mitumba imejaa soko zima.

Sasa nikuambie kilichonikalisha mezani. Ni huyu baba yako mdogo, Otto, unayekaa naye huko.

Unajua mwanangu anavyoandika. Anaandika kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Salamu mstari mmoja, kisha ugomvi: kwa nini niliuza mbuzi, kwa nini nimempa fulani shamba alime, nani kaniruhusu. Akikosea herufi kwenye mashine yake ya chapa anazipiga alama juu, karatasi inachafuka, na bahasha nzima inanuka sigara. Mimi nikinusa bahasha nilikuwa najua ni yeye kabla ya kuifungua.

Tangu Krismasi anaandika kistaarabu. "Mama yangu mpenzi, natumaini mguu wako unaendelea vema." Hakosei herufi hata moja. Hagombi. Kila barua inajaza ukurasa mmoja mpaka chini, haizidi, haipungui. Haina harufu. Nilifurahi mwanzoni, nikasema labda uzee umemfundisha heshima. Lakini mtu wa miaka hamsini habadili tabia kama anavyobadili shati. Ameoa? Ameokoka? Niambie ukweli, sitakasirika sana.

Na kuna jambo kubwa linalomsubiri. Pamela ameletewa posa. Kijana anaitwa Abdulswamadu, wa Tunduru, ananunua korosho na kuzipeleka Mtwara. Mshenga ni mzee Daimu, baba yake mkubwa, mtu wa maneno ya taratibu. Najua ni Waislamu, na Padre ameshaanza kukohoa akiniona. Mimi kijana nimempenda. Pamela naye, ukimtaja huyo kijana, sindano inamchoma kidole. Lakini mwenye binti ni Otto. Wazee wa ukoo wamesema hawafungui mdomo mpaka baba mtu aseme. Nimemwandikia. Msukume ajibu, na apige simu, namba ya duka la Rupert jirani yangu anayo. Nataka kusikia sauti.

Mkeo asiye na mpinzani,
Kunegunda


Bremen
19 Aprili 1998

Mke wangu Bibi Kunegunda,

Shikamoo. Najua ni ajabu mume kumwamkia mkewe shikamoo, lakini ndoa yetu tangu mwanzo haikuwa ya kawaida.

Mimi ni mzima. Theluji imeyeyuka na watu wanakaa nje kulishangaa jua. Mzungu sijapata; nikipata nitamleta kwako umfanyie usaili. Nimesikitika kuhusu mahindi. Nafurahi presha imetulia, na tafadhali endelea na dawa, usiziache kwa sababu unajisikia nafuu. Daktari alisema usipate mshtuko wowote.

Kazini kwangu pale chuoni mambo yanakwenda. Tunazifundisha kompyuta kuandika kama watu. Unaipa maandishi ya mtu, mengi iwezekanavyo, nayo inajifunza neno gani mtu huyo huliweka baada ya neno gani, anaanzaje, anamalizaje. Kisha ukiiandikia inajibu. Inakwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Profesa anafurahi sana.

Kuhusu Baba Mdogo, amekuwa mtulivu, ni kweli. Simu haitawezekana kwa sasa, sauti yake haiko sawa. Barua yako kuhusu Pamela imefika. Utajibiwa.

Usijichoshe kuwaza, Bibi. Msalimie Pamela.

Mumeo mtiifu,
Saimon


Mfaranyaki, Songea
5 Julai 1998

Mume wangu Saimon,

Baridi ya huku mwezi huu inatoka ardhini, nalala na soksi za Otto alizoniletea mwaka ule. Natumaini wewe unapata joto, kwa kuwa mambo yenu yote ni kinyume na yetu. Jirani Rupert amenunua televisheni, sasa ana wageni wengi kuliko parokia.

Otto amejibu. Amekataa.

Nakunakilia: "Mama, binti yangu hataingia katika nyumba ile wakati mimi ni hai. Sitaki kusikia tena habari za watu wale." Basi. Chini yake, bila hata kupumua, anauliza habari za mguu wangu na kama maua ya kanisani yamechanua. Nilisoma peke yangu kwanza, kisha nikamsomea Pamela. Hakulia. Aliinuka akaenda kupima nguo ya mteja. Nikamwita mzee Daimu, nikamrudishia posa kwa mikono yangu miwili. Akasema, "Mama Kunegunda, sisi hatukukosa adabu kwako." Nikasema hamkukosa. Akasema, "Basi kheri iliyomo Mwenyezi Mungu ndiye anayeijua." Akaondoka na mwavuli wake, na mimi nikaona haya.

Nauliza: hawa watu wa Tunduru Otto amewajulia wapi? Hajawahi kuwaona. Kosa lao ni lipi?

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Ni mwisho wa barua. Ameandika hivi: "Joachim anakusalimu. Yuko hapa pamoja nami, hajambo, ila kikohozi kidogo."

Saimon, Joachim ni baba yako. Nilimzika kwa udongo wa mikono hii mwaka themanini na saba, na Otto alikuwa pembeni yangu akishika chepe. Zamani, walipokuwa Dar wakilala chumba kimoja Temeke, Otto alimalizia barua zake hivyo hivyo, Joachim anakusalimu, Joachim ana kikohozi. Kikohozi hicho ndicho kilichomwua.

Nimekaa na karatasi hii nikijiuliza mwanangu anaona nini huko. Kama akili imemruka, niambie tumwombee na tumrudishe nyumbani. Kama ni mzima, kwa nini anakaa na marehemu? Sehemu hiyo sikumsomea Pamela, nimeificha asiione. Nimemwomba Padre misa ya Joachim, nikamwambia nimemwota.

Usinijibu habari za theluji. Nijibu habari za mwanangu.

Bibi yako,
Kunegunda


Mfaranyaki, Songea
11 Oktoba 1998

Saimon,

Salamu. Pamela mzima. Mimi mzima. Mvua bado.

Sijapata barua yako tangu Aprili. Za Otto zinakuja kila mwezi, kama mshahara wa serikali ulivyokuwa zamani. Nikimwuliza jambo anajibu, nisipouliza anaandika vilevile. Nilimwuliza Joachim amekaa wapi, akasema wanakaa pamoja, chumba ni kidogo lakini hakivuji. Nilimwuliza mbona hapigi simu. Akajibu, "Mama, mimi nakusikia." Nikaifunika ile karatasi kwa sahani.

Abdulswamadu ameoa. Amemwoa msichana wa huko kwao, anaitwa Asma. Pamela alishona gauni la mmoja wa wageni bila kujua ni la harusi hiyo, akaambiwa lilipokuja kuchukuliwa. Siku hizi anaongea na cherehani tu.

Sasa sikiliza. Barua iliyokuja juzi nilimpa Pamela anisomee, maana miwani yangu imevunjika mkono. Alisoma salamu, akasoma mguu, akaishusha karatasi. Nikamwambia soma. Akasema, "Bibi, hapa siwezi." Nikamnyang'anya, nikaisogeza dirishani nikaisoma kwa jicho moja.

Imeandikwa: "Mke wangu mpenzi Kunegunda, nakukumbuka, usiwe na wivu."

Wewe ukiniita mke wangu, watu wanacheka, hata mtoto mchanga angecheka, maana mjukuu na bibi yake ndio utani wao. Mtoto niliyemzaa akiniita hivyo, hakuna anayecheka. Hakuna mtoto wa ukoo huu, awe mlevi, awe kichaa wa kuokota makopo, ambaye ulimi wake ungeweza kufika hapo. Otto alikuwa mgomvi, alinitukania mbuzi wangu, lakini hilo asingeliweza. Kichaa anasahau jina lake, hasahau nani alimnyonyesha.

Basi nimejua. Sijui nimejua nini, ila nimejua kwamba anayeandika kwa jina la Otto hakutoka tumboni mwangu. Hajui mama ni nini. Ameokota maneno yetu njiani na hajui lipi ni la nani.

Na maneno hayo, usiwe na wivu, nayajua. Ni yako.

Nakuuliza mara moja tu, Saimon, na presha yangu isikusumbue, nimeshika meza. Otto yuko wapi?

Kunegunda


Bremen
2 Desemba 1998

Bibi yangu,

Shikamoo. Leo sina utani.

Baba Mdogo alifariki tarehe tatu Desemba mwaka jana. Kesho anatimiza mwaka. Alikuwa anapanda ngazi za nyumba yetu, akakaa, akasema apumzike kidogo. Nilipofika na maji alikuwa amekwenda. Nimemzika kwenye makaburi ya Wakatoliki, upande wa ukutani. Tulikuwa mimi, Padre na wenzake wawili wa bandarini. Hakuna aliyeimba.

Siku hizo wewe ulikuwa umelazwa. Pamela alikuwa ameniandikia kwamba daktari kasema mshtuko mdogo tu utakuua. Nikasema nitakuambia ukipona. Krismasi ikafika na wewe ulikuwa unasubiri barua yake.

Unajua Baba Mdogo alivyokuwa akitunza nakala. Kila barua aliyoipiga chapa tangu Dar, alibaki na nakala yake ya kaboni, maboksi na maboksi. Alisema asije mtu akamsingizia. Nilizichukua nikaziingiza zote kwenye kompyuta ya chuo. Nilitaka barua moja tu, ya Krismasi. Ilipotoka niliisoma nikalia, Bibi, kwa sababu ilikuwa yeye. Nikaituma. Ukajibu, umefurahi. Nikashindwa kuacha.

Barua zake za ugomvi niliziondoa nyingi, nikasema usikasirishwe. Ndiyo maana akawa mpole. Kisha nikaona anakosa habari za nyumbani, nikaongeza barua zangu mimi nilizokuandikia wewe. Ndiko lilikotoka neno lile. Joachim alitoka kwenye barua za Temeke. Mashine haijui nani amekufa. Haijui kufa ni nini.

Na Pamela. Hili ndilo siwezi kulibeba. Nimetafuta maneno yale ya kukataa, nimeyapata. Baba Mdogo aliyaandika mwaka sabini na tisa, kuhusu familia moja ya Dar iliyotaka kumchukua Pamela kumlea baada ya mama yake kufariki. Hayahusiani na Tunduru, hayahusiani na posa. Mashine iliona "binti" na "nyumba" ikayaokota. Mimi sikuiona barua ile. Kufikia wakati huo nilikuwa nimeipanga ichape yenyewe, na karani wa chuo aliiingizia barua zako na kuyaposti majibu pamoja na barua za ofisi. Sikuwa nasoma tena. Niliogopa kusoma. Nilipokea barua yako ya Julai nikajua nimefanya nini, nikaiweka chini ya godoro.

Kuna jambo jingine. Usiku mwingine mimi mwenyewe huwa naiandikia. Naandika, Baba Mdogo, umeshindaje. Inajibu, mwanangu Saimon, vaa koti. Hapa mjini hakuna mwingine wa kuniambia nivae koti.

Profesa hataki niifute. Anasema maandishi yakishaingia ni ya chuo, na kwamba watu wengi watapenda kitu kama hiki, wafiwa wa dunia nzima. Nilimwuliza, mwenye maneno aliombwa ruhusa na nani? Akasema marehemu hana haki ya kulalamika. Jana nimeizima mwenyewe. Hutapata barua nyingine.

Nisamehe. Mwambie Pamela, au niambie mimi nimwambieje.

Saimon


Mfaranyaki, Songea
21 Februari 1999

Saimon,

Tumshukuru Mungu aliyetufikisha mwaka mwingine. Mguu unaniuma. Rupert anakusalimu, na Padre pia.

Barua yako ilifika baada ya Noeli. Nilikaa nayo siku nzima bila kumwambia mtu, kisha nikatoka nje nikapiga yowe lile ulilonicheleweshea mwaka mzima. Watu walikuja wakidhani nyoka. Wakaniuliza nani, nikasema Otto. Lini? Nikasema mwaka jana, nao wakatazamana, wakajua uzee umeniingia. Ilibidi Pamela awasomee mstari ule wa tarehe. Ulifikiri unanikinga na kifo, Saimon. Mimi nimezika mume na mtoto, ningemzika na wa pili. Ulininyima kilio changu ukaipa kompyuta kazi ya kuniandikia barua.

Tuliweka matanga. Mwili hatuna, tukatandika godoro lake sebuleni na koti lake la shule ya ufundi juu yake. Mtani wetu mzee Kalinga, yule Mhehe wa karibu na soko, alikuja kufanya kazi ya watani. Alilivaa lile koti, akachomeka sigara mdomoni, akaanza kutembea kama Otto, mabega mbele, akifoka, "Mama! Nani kakuruhusu kuuza mbuzi?" Saimon, alikuwa yeye mtupu. Nilicheka mpaka nikamwaga chozi la kwanza la kweli. Alimfanyia mzaha hata Padre, alimfokea katekista, watu wakagaagaa kwa kicheko. Kisha jua lilipoteremka alivua koti, akalikunja, akanawa uso na mikono kwenye beseni mbele yetu sote, akaja akakaa karibu nami akasema, "Pole, mama. Amekwenda." Na kweli akawa amekwenda. Kalinga anajua pa kuvulia. Mimi namlipa kuku na watu wote wanamwona uso wake.

Pamela nilimwambia yaliyobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Kwa hiyo baba hakunikataza?" Nikasema hakukukataza, hakuwapo. Usiku huo ndipo alilia. Nilikwenda Tunduru mwenyewe kwa basi, na mguu huu, nikamwomba radhi mzee Daimu. Nilimweleza habari ya mashine. Alinitazama kwa huruma, akaagiza nipewe chai. Hakuamini hata neno moja, na nisingemlaumu. Kijana ana mke, na mke ni mjamzito. Hakuna anayeweza kulirudisha hilo, si wewe, si profesa wako.

Nilikuwa nimekaa kukuandikia kwamba nimekusamehe. Nilishaweka tarehe. Lakini juzi karani wa posta ameniletea bahasha ya Bremen. Ukurasa mmoja mpaka chini. Imeandikwa tarehe kumi na tisa Januari. "Mama yangu mpenzi, mbona kimya? Nasikia nyumbani kulikuwa na watu wengi."

Wewe ulisema umeizima Desemba.

Huenda mwingine pale chuoni ameiwasha. Huenda hukuizima. Huenda ulishindwa, kwa ajili ya koti. Nimeyapanga yote, na sijui lipi la kushika. Nikachukua ile barua yako ya kuomba radhi nikaisoma upya, nikiitafuta harufu. Ni nzuri sana, Saimon. Inajua pa kulia. Inaniita Bibi yangu. Inataja ngazi, inataja godoro, inataja koti. Haina herufi iliyokosewa. Nikajiuliza: huyu aliyeniungamia ni nani? Kama ile kompyuta imekula barua za Otto na imekula barua zako, ni kitu gani kinachoizuia kuomba msamaha kwa niaba yako, wakati wewe umelala chini ya ukuta ule karibu na baba yako mdogo, na hakuna aliyeniambia?

Niliposema hivyo kwa sauti Pamela alinishika mkono. Hajaniuliza kama nimechanganyikiwa. Naye anajiuliza hilohilo.

Kwa hiyo usinijibu. Barua nyingine ya Bremen ikija, yako au ya Otto, nitaichoma na bahasha yake. Simu usipige, maadamu imeshajifunza kuandika, kesho itajifunza kuongea. Mwombe profesa wako likizo, au mwache, panda ndege, panda basi, uje mpaka mlangoni kwangu Mfaranyaki.

Ukifika nitakuzaba kibao. Nitakuzaba kwa nguvu zote zilizobaki katika mkono huu, mbele ya Pamela na majirani. Shavu likiwa na joto, nitajua ni wewe, na nitakusamehe hapohapo.

Bibi yako,
Kunegunda